Hakuna, au Hujaonyeshwa?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2020, Arua ililala ikiwa manispaa ikaamka ikiwa jiji. Ilikuwa miongoni mwa miji saba ya kwanza ya Uganda kupewa hadhi hiyo kwa mpigo mmoja, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Kilima cha Arua hakikusogea hata hatua. Katika makaratasi ya serikali za mitaa, hata hivyo, divisheni mbili zilizokuwa zimeunda manispaa, Arua Hill na River Oli, zilifikia mwisho. Mahali pake zilisimama divisheni nyingine mbili: Arua Central, na Ayivu iliyoleta jijini maeneo ambayo jana yake yalihesabiwa kuwa ya shamba, kama Adumi na Ayivuni.

Mwaka uliofuata klabu ya soka iitwayo Arua Hill ilipanda hadi Ligi Kuu ya Uganda. Jina likaanza kusikika redioni nchi nzima katika kipindi kilekile ambacho divisheni yenye jina hilo haikuwapo tena.

Chukua sasa programu ya kompyuta iliyoandikwa mwaka 2018, yenye kazi ya kusoma takwimu katika jedwali liitwalo arua_hill. Mwandishi wake, akiwa mtu makini, aliiagiza iulize kwanza: jedwali hili lipo? Swali hilo huandikwa kwa mstari mmoja, na wanaojifunza kazi ya hifadhidata hulipita mbio kuelekea mambo wanayoyaona makubwa zaidi. Linastahili kukaliwa kitako. Jibu lake hutegemea nani anauliza, amesimama wapi, na ametamka jina kwa namna gani. Na mahali ambapo mipaka hubadilika kila baada ya miaka michache, kama West Nile, eneo ilimo Arua, jibu lililoeleweka vibaya linaweza kufuta watu katika hesabu bila mtu yeyote kukusudia.

Uwezo wenyewe wa kuuliza una historia. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za uhusiano. Wazo lake: habari zote zikae katika majedwali ya safu na mistari, na anayezitafuta asilazimike kujua zimelala upande gani wa mashine. Mwaka 1985, alipoona makampuni yakibandika jina la uhusiano juu ya bidhaa zisizostahili, alitoa kanuni za kuzipimia. Ya nne ndiyo inayohusika hapa. Inataka maelezo ya hifadhidata yenyewe, yaani majedwali gani yamo na kila moja lina safu zipi, yawekwe nayo katika majedwali, yasomwe kwa lugha ileile inayosomea data nyingine zote. Hifadhidata ijiandike, na maandishi hayo yawe sehemu ya mwili wake.

Wazo hilo lilikuwa la busara kubwa, na bado halijapitwa. Mfumo wa hifadhidata uitwao PostgreSQL huandika majedwali yake katika jedwali liitwalo pg_class. SQLite, iliyomo karibu katika kila simu janja, ina sqlite_master. Viwango vya mwaka 1992 vya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, vilileta information_schema ili mtu aulize kwa namna moja katika mifumo tofauti. Oracle ndiyo iliyosema wazi kuliko zote, kwa kuwa imeweka madaftari matatu: USER_TABLES kwa majedwali yaliyo mali yako, ALL_TABLES kwa yale unayoruhusiwa kuyafikia, na DBA_TABLES kwa yote yaliyomo. Swali moja, majibu matatu, na yote matatu ni ya kweli.

Hapo ndipo wengi hukwama. Katika PostgreSQL, ukiuliza kupitia information_schema, utaonyeshwa tu majedwali ambayo ni mali yako au umepewa ruhusa fulani juu yake. Ofisa aliyeko wilaya ya Koboko, mwenye akaunti iliyobanwa, anaweza kuuliza kama kuna jedwali la watoto wakimbizi waliotengana na wazazi wao, akapata mistari sifuri, akaandika katika ripoti kwamba data hiyo haijakusanywa. Huenda mwenzake wa ofisi ya jirani analisoma jedwali hilohilo kila Jumatatu. Anayepiga hodi asiitikiwe hajajua kama nyumba ni tupu. Amejua tu kwamba hakuna aliyemwitikia.

Ukimya huo una sababu njema, na haufai kuondolewa. Kando ya Koboko zinakutana nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Watu huvuka mpaka wa Oraba wakitoka Kaya ya Sudan Kusini, wengine wakikimbia wenye silaha ambao wangefurahi kujua nani ameandikwa wapi. Hata jina la jedwali huweza kufichua jambo. Basi hifadhidata inayonyamaza mbele ya asiyehusika imefanya kazi yake. Kosa ni la anayechukua kunyamaza huko na kukuandika kuwa ni kutokuwapo.

West Nile imeyaishi mambo haya kabla ya kompyuta kuwapo. Eneo hili lilikuwa ndani ya Lado, ardhi aliyokodishiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki Desemba 1909 mkataba ukafikia ukingoni, na mwaka 1910 ardhi ikakabidhiwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, akaanzisha kituo cha Arua. Katika miaka mitano tu eneo moja lilipita katika madaftari ya tawala tatu. Mtafiti anayetafuta habari za Koboko ya mwaka 1908 akafungua nyaraka za Uganda zilizoko Entebbe peke yake hatapata kitu, na hatakuwa amegundua kwamba Koboko haikuwapo. Amefungua kabati lisilo lake.

Hifadhidata nazo zina makabati ya namna hiyo, huitwa skima. Katika PostgreSQL kila mtumiaji ana orodha ya skima zinazopekuliwa kwa zamu pale anapotaja jedwali bila kutaja skima yake. Kazi iitwayo to_regclass, inayopendwa na wengi kwa wepesi wake, hurudisha utupu endapo jedwali halimo katika orodha hiyo, hata kama limejaa data katika skima ya pili. Watu wawili wakiingia kwenye seva moja kwa akaunti mbili, wakauliza neno kwa neno sawa, mmoja anaweza kuambiwa lipo na mwingine halipo. Dawa yake inajulikana: taja skima pamoja na jina, kila mara. Inashangaza jinsi programu nyingi zinavyoandikwa bila kufanya hivyo.

Kisha kuna tahajia. PostgreSQL hushusha majina yote yasiyofungwa kwa alama za kunukuu yawe herufi ndogo. Oracle huyapandisha yawe kubwa. Mtu akiunda jedwali kwa jina "AruaHill" ndani ya alama za kunukuu, kisha akaliuliza bila alama, PostgreSQL itatafuta aruahill na kusema halipo. MySQL kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo ikiwa kwenye Linux, na haitofautishi ikiwa kwenye Windows. Ndiyo maana kitu kilichofanya kazi kwenye kompyuta ya mezani mjini Arua huweza kufa kikihamishiwa kwenye seva ya Kampala. Nacho kistari cha chini kilichomo katika arua_hill kina hila yake: mtu akitafuta kwa neno LIKE la SQL, alama hiyo husimama badala ya herufi yoyote moja, hivyo jedwali lingine lenye jina la kukaribiana linaweza kuitikia wito usio wake.

Majina ya wilaya za huku huongeza kazi. Madi Okollo huandikwa kwa nafasi katika nyaraka fulani na kwa kistari katika nyingine. Kistari hicho, kwa SQL, ni alama ya kutoa: madi-okollo bila alama za kunukuu husomeka kama hesabu ya madi kutoa okollo, na mashine hugoma. Hakuna mtu wa Madi Okollo aliyefikiri hivyo alipolitaja jina la kwao.

Orodha ya mabadiliko ni ndefu. Wilaya ya zamani ya West Nile ilianza kugawanyika miaka ya 1970, Nebbi ilipojitenga. Yumbe ilitoka Arua mwaka 2000, Koboko mwaka 2005. Maracha ikafuata, baada ya mvutano mkali na Terego juu ya mahali pa kuweka makao makuu. Terego ikabaki Arua. Madi Okollo ilianza kazi mwaka 2019, na Terego ikapata wilaya yake tarehe ileile Arua ilipokuwa jiji. Kila mgawanyo ulileta viongozi wapya, mihuri mipya, na mahali fulani kwenye seva, majina mapya.

Hebu fikiria kambi za wakimbizi. Vita vilipolipuka tena Juba Julai 2016, Bidi Bidi ilifunguliwa Agosti mwaka huo wilayani Yumbe, na Imvepi Februari 2017 katika wilaya ya Arua. Rhino Camp, iliyo ya zamani kuliko hizo, nayo ilikuwa Arua. Koboko ilikuwa na Lobule, yenye Wakongo wengi. Mwaka 2017 mtu aliyechora ramani ya wakimbizi aliipaka wilaya ya Arua rangi nzito. Leo Imvepi iko Terego, na Rhino Camp imegawanyika kati ya Terego na Madi Okollo. Anayefuatilia jina la Arua peke yake, mwaka hadi mwaka, ataona makazi hayo makubwa yakitoweka ghafla kwenye mchoro wake. Hakuna aliyeondoka. Mahema, visima, shule na makaburi viko vilevile.

Na pale watu wanapoondoka kweli, au wanapokosa kufika, daftari linaweza kusema jambo lilelile. Mwaka 2018, kufuatia tuhuma za idadi zilizokuzwa, Ofisi ya Waziri Mkuu na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, walihakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na mboni za macho. Kazi ilianza Machi ikamalizika Oktoba. Hesabu iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Mitaani likazuka neno la wakimbizi hewa, na udanganyifu ulihitaji kuchunguzwa. Lakini ndani ya pengo hilo walikuwamo pia walioandikwa mara mbili, waliorudi makwao, waliohamia mijini, na ambao hawakufika siku waliyoitwa. Zoezi lilijibu swali la nani alionekana mbele ya mashine katika miezi ile. Lilikuwa swali la lazima kuulizwa. Kulitafsiri kwa haraka kuwa swali la nani alipata kuwapo ni kuwaonea watu waliokuwa tayari wameonewa vya kutosha.

Sasa turudi kwenye programu yetu, tuone hatari kubwa kuliko zote. Mara nyingi swali la "lipo?" halisimami peke yake, hufuatwa na agizo: kama halipo, liunde. Mifumo mingi ya SQL imeyaunganisha mawili hayo katika amri moja, CREATE TABLE IF NOT EXISTS, na ni amri nzuri ikitumika mahali pake, kwa mfano programu inapoanza maisha kwenye mashine mpya. Ina kasoro mbili zinazojulikana. Kwanza, ikikuta jedwali lenye jina hilo hunyamaza, hata kama safu zake si zile ulizotaka. Haikagui umbo, hukagua jina tu. Pili, programu mbili zinazoitoa kwa sekunde moja zinaweza kugongana: zote zinakuta halipo, zote zinaanza kuliunda, na moja inaangushwa na kosa, hata katika PostgreSQL yenye sifa ya uangalifu. Anayeuliza kwanza kisha akatenda daima huacha mwanya katikati, na ndani ya mwanya huo mwingine anaweza kupita. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hupendelea kutenda moja kwa moja na kujiandaa kwa kosa: PostgreSQL itasema 42P01, MySQL itasema 1146, zote zikimaanisha kwamba jedwali halipo, na programu itajua la kufanya.

Kasoro hizo mbili zina tiba. Ya tatu haitokani na amri, hutokana na kinachofuata. Jedwali jipya lililoundwa kwa sababu la zamani halikuonekana ni tupu. Ripoti ikilisoma, inahesabu mistari, inapata sifuri, na inaandika sifuri. Kutoka hapo hakuna tena dalili kwamba kuna kitu kilikosekana. Kama programu ingeanguka kwa kishindo, fundi angeitwa. Sifuri haimwiti mtu.

Wafanyakazi wa afya wanaijua tofauti hii kwa uchungu. Uganda ilieneza mwaka 2012 mfumo wa DHIS2, uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, na kila kituo cha afya, kuanzia zahanati ya mashambani hadi hospitali ya rufaa ya Arua, hutuma humo fomu ya mwezi ya HMIS 105: wagonjwa wa malaria wangapi, akina mama wangapi, chanjo ngapi. Chini ya DHIS2 kuna PostgreSQL. Ili ripoti zije haraka, mfumo huandaa mapema majedwali maalumu ya uchambuzi, na yasipokuwa yameandaliwa, anayeomba mchoro hukataliwa kwa kuambiwa kwamba jedwali halipo, ingawa takwimu zote alizoingiza ziko salama katika majedwali mengine. Kijana wa takwimu aliyefanya kazi hadi jioni anaweza kudhani amepoteza mwezi mzima.

Kuna jambo lililojificha zaidi. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa kipengele husika kimewekwa kuzihifadhi. Wabunifu wake walitaka kuokoa nafasi na muda, kwani fomu za afya zimejaa sifuri. Matokeo yake ni kwamba kituo ambacho hakikuwa na kisa hata kimoja cha surua, na kituo ambacho hakikutuma chochote kwa sababu barabara ilikatika, vinaweza kuonekana sawa katika data. Mfumo una njia ya kuvitenganisha: anayejaza hubonyeza kitufe kuthibitisha kwamba fomu imekamilika, na ripoti ya ukamilifu husomwa kando ya ripoti ya visa. Ile ya ukamilifu ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo inayopaswa kufunguliwa kwanza. Ofisa wa Koboko anayeona hakuna surua upande wa mpakani anapaswa kujua kama ameambiwa hakuna au hajaambiwa kitu, maana chanjo zitapelekwa, au hazitapelekwa, kufuatana na jibu hilo.

Codd aliliona hili kwa upande wake. Alitaka mfumo wowote wa uhusiano uwe na njia maalumu ya kuandika kwamba thamani haijulikani, iliyo tofauti na sifuri na tofauti na neno tupu. Ni kanuni ya tatu, na imeleta ubishi mwingi kuliko nyingine yoyote, lakini nia yake ilikuwa safi: asiyejua apate nafasi ya kusema hajui.

Kanuni yake ya kwanza ndiyo inayotoa njia ya kutoka. Inasema habari zote ziwe thamani ndani ya majedwali. Jina la mahali ni habari. Anayeunda jedwali kwa kila divisheni, au kwa kila wilaya, ameitoa habari hiyo nje ya mistari na kuificha katika jina la jedwali, ambapo hakuna tarehe, hakuna mzazi, hakuna historia. Siku serikali inapobadilisha jina, anabaki akiuliza kama jedwali lipo. Afadhali kuwe na jedwali moja la maeneo, ambamo Arua Hill ni mstari wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika iliyoandikwa 2020, na safu inayoonyesha nini kiliirithi. Hapo swali la kuwapo linageuka kuwa swali lenye wakati: ilikuwapo lini, hadi lini? Hilo lina jibu ambalo watu wawili wenye ruhusa sawa watalipata sawa.

Kwamba jambo hili linawezekana limethibitishwa na sensa. Watu wa Koboko walihesabiwa mwaka 2002, wakati Koboko ilikuwa kaunti ndani ya wilaya ya Arua. Hata hivyo ripoti za sensa ya 2014 zinaonyesha idadi ya watu wa wilaya ya Koboko kwa mwaka 2002, miaka mitatu kabla wilaya hiyo haijazaliwa. Idara ya takwimu iliweza kufanya hivyo kwa kuwa hesabu zilikuwa zimetunzwa kwa maeneo madogo, na maeneo madogo yanaweza kukusanywa upya chini ya jina lolote litakalokuja.

Kwa miaka ya wakimbizi kazi ni ngumu zaidi. Takwimu za 2017 hadi 2019 zilizoandikwa kwa kila makazi, Imvepi kivyake na Rhino Camp kivyake, tena kwa kila kanda ndani yake, bado zinaweza kupangwa upya kufuata mipaka ya Terego na Madi Okollo. Zile zilizojumlishwa mapema na kutunzwa kwa neno moja, Arua, haziwezi tena kutenganishwa, na mashirika yanayopanga shule na visima vya wilaya hizo mbili inabidi yaanze historia yao mwaka 2020.